Nipo Moshi: binti yangu anajitapisha akishakula, na si mimba. Nikae naye vipi mezani?

Mama Marobota

Habari za usiku ndugu zangu. Naandika wenzangu nyumbani wamelala, mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe.

Nauza mitumba Kiboriloni, jinzi na sketi za wasichana, nakaa Msaranga. Nina mabinti wawili. Huyu ni wa pili, ana miaka 17, alimaliza kidato cha nne Novemba na sasa anasubiri kwenda cha tano. Tangu amalize tunashinda wote kibandani.

Nilianza kuona vitu vidogo vidogo. Mkate wa jioni, asubuhi haupo. Makande ya kiporo yamekwisha na sufuria imeoshwa ikafunikwa vizuri. Tukitoka mezani yeye moja kwa moja bafuni, anafungua bomba, maji yanamwagika weee. Mashavu yakavimba huku chini ya masikio, nikadhani matubwitubwi. Akinywa maji ya baridi anashika shavu, anasema meno yanaingia ganzi. Halafu siku moja tunafungua robota, tunapanga jinzi, nikaona vifundo vya vidole viwili vya mkono wa kulia vina sugu na mchubuko, kama vya mtu anayefulia watu nguo kila siku. Nikamuuliza. Akavuta mkono wa sweta ukafunika vidole, akaendelea kukunja.

Niseme nilipokosea, maana nikificha hamtaweza kunisaidia. Msichana wa miaka 17 akitapika, mama wa huku kwetu anawaza jambo moja tu. Nikaenda duka la dawa nikanunua kipimo cha mimba, nikamsimamia mlango wazi. Hakuna kitu. Sikuamini. Wiki iliyofuata nikanunua kingine. Mara hiyo hakulia wala hakubisha, alichukua kikopo mkononi mwangu akanigeuzia mgongo. Ule mgongo naukumbuka mpaka leo.

Hospitali tuliyoenda walipima malaria, taifodi na mkojo, mwisho wakasema vidonda vya tumbo, tukapewa dawa za wiki mbili. Niliporudi kusema bado anatapika, niliyemkuta alimwangalia juu mpaka chini akasema, "Mbona ana mwili mzuri tu? Utoto huo, ataacha." Ni kweli si mwembamba. Ana mwili wa kwetu. Wateja wakipita wanamwambia "umenawiri mwanangu", "siku hizi umenenepa", kwa nia njema kabisa, na mimi nilikuwa nafurahi nikijua mama yake nasifiwa.

Tukaenda kwenye maombi. Tukaambiwa tufunge siku saba, tukafunga wote wawili. Usiku wa siku ya nane nilisikia kitu jikoni. Sikuwasha taa. Nilimkuta amekaa sakafuni, sufuria ya wali katikati ya miguu, kopo la sukari pembeni, anafakamia kwa mkono haraka haraka na machozi yanamtiririka. Sijawahi kuona mtu anakula huku analia. Nikakaa chini karibu naye, sikujua la kusema. Ndipo akaniambia, "Mama, sipendi. Naanza mwenyewe halafu nashindwa kuacha, na nikimaliza siwezi kukaa nacho tumboni."

Sasa nauliza. Nimfungie bafu akishakula? Nifiche mkate na sukari? Nimlazimishe kula au nimwache? Tunakula kimya kama tuko msibani. Na hapa Moshi niende kwa nani, asiye wa kuniambia tena kwamba mwili ni mzuri tu?

---

Mzee wa Marangu

Pole dada yangu. Hayo ni magonjwa ya wazungu, yanaletwa na simu. Mnyang'anye simu, mpandishe kwa bibi yake huku juu. Mwezi mmoja wa kupalilia migomba na kukata majani ya ng'ombe, atakula mwenyewe na hayo mengine atayasahau. Sisi tulipewa kiburu tukashukuru Mungu.

---

Binti wa Sakina

Shikamoo mama. Shikamoo mzee.

Mama, mimi nimekaa kwenye sakafu ya hilo jiko. Yangu ilikuwa Sakina, Arusha. Nilianza mwaka wa kwanza chuo, nikajitapisha miaka sita, na sasa ni mwaka wa nne sijafanya hivyo. Naomba jambo moja kwa wote kabla sijaendelea: tusiandike hapa kilo za mtu, wala namna mtu anavyojitapisha. Wapo wanaosoma kimya wakitafuta hivyo vitu.

Mzee, kuhusu simu hujakosea sana, ila "ya wazungu" hapana. Kuna visiwa vinaitwa Fiji. Huko mwili uliojaa ulikuwa sifa, mgeni anashibishwa, mtu akikonda watu wanaingiwa na wasiwasi. Si ndiyo sisi hao? Televisheni ilifika katika mkoa mmoja wa huko mwaka 1995. Daktari mmoja wa Marekani, Anne Becker, akawauliza wasichana wa shule mwaka huo huo, na hakupata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Akarudi mwaka 1998: zaidi ya 11 katika kila 100 walisema wanafanya. Miaka mitatu tu. Na simu ya leo iko kitandani na mtoto, usiku kucha. Lakini ukiichukua simu leo, ugonjwa ulioshaingia hauondoki nayo. Na shamba kwangu lingekuwa baya zaidi, ningepalilia toka alfajiri bila kula, nikijua naunguza mwili, na watu wangenisifu kwa uchapakazi.

Sasa mama, mezani.

Kitu kilichonifungua macho ni njaa. Nilidhani nina roho ya ulafi. Kumbe asubuhi nilikuwa nakunywa chai kavu, mchana "nimeshiba", halafu saa nne usiku nafagia jiko. Daktari wangu alinisimulia habari za vijana 36 wa Marekani, wanaume wazima, wenye afya na akili timamu, waliojitolea mwaka 1944 kwa mtafiti anaitwa Ancel Keys kule Minnesota. Walipunguziwa chakula miezi sita. Wakaanza kuota chakula usiku, kusoma vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kuwa wakali na wenye huzuni. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema wana njaa. Hakuna aliyewaonyesha picha za warembo. Njaa peke yake iliwafanya hivyo. Nilipolisikia hilo nililia ofisini kwa daktari, maana miaka yote nilikuwa naomba toba kwa dhambi ambayo haikuwa dhambi.

Kwa hiyo zile siku saba za kufunga, mama, usijilaumu, hukujua, ila asifunge tena kwa sasa. Hata Kwaresima. Padri au mchungaji mwenye busara atakuelewa, mgonjwa halazimiki. Mpe kifungua kinywa. Asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kula kitu, hata kama usiku uliopita alifakamia. Hasa kama alifakamia. Akisema "leo naruka kwa sababu jana nilizidisha", hapo ndipo gurudumu linaanza kuzunguka upya.

Bafu usifunge. Mimi nilifungiwa, na kitu pekee nilichojifunza ni kutafuta pengine. Mkate usifiche pia, ukiuficha unamwambia yeye ni mwizi wa nyumba.

Shangazi yangu ndiye aliyeniokoa na hakusoma zaidi ya darasa la saba. Tukimaliza kula anatoa nyungo mbili na mchele. Tunachambua. Haulizi chochote, hasemi habari ya tumbo, anatafuta chenga na vijiwe, anasimulia nani kaoa na nani kauza shamba. Saa nzima, maana saa moja baada ya kula ndiyo ngumu kuliko zote, tumbo linakuwa kama linakupigia kelele. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka mchele unamwagika nje ya ungo, na yeye anauokota tu, anarudisha. Mchele wetu ulipoisha safi, akaenda kuomba wa jirani.

---

Muuguzi Mstaafu

Mama Marobota, pole sana. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nipo hapa hapa Moshi. Nianze na la haraka kwa sababu ndilo linaloniogopesha.

Anayejitapisha mara kwa mara anapoteza potasiamu, moja ya chumvichumvi za damu, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Mtu anaweza kuonekana ana "mwili mzuri" na damu yake ina upungufu wa hatari. Akizimia, moyo ukimwenda mbio au kuruka mapigo, misuli ikilegea au kukaza, akitapika damu, usisubiri kesho, nenda idara ya dharura hata saa nane usiku. Vivyo hivyo akisema hataki kuishi. Na kabla ya hayo kutokea, omba apimwe chumvichumvi za damu na umeme wa moyo. Taja wazi: "Anajitapisha, mara kadhaa kwa wiki, tangu mwezi fulani." Ukisema "anatapika" tu, utarudishwa kwenye malaria na taifodi.

Ugonjwa unaitwa bulimia. Aliyeuandika kwa jina hilo ni daktari Gerald Russell wa London, mwaka 1979, na sugu ulizoziona kwenye vifundo vya vidole wauguzi duniani kote wanaziita kwa jina lake. Mashavu kuvimba ni tezi za mate. Meno ni asidi ya tumbo. Kwa hiyo wewe mama, kwa macho yako, uliona dalili tatu ambazo vitabu vinazitaja. Usiseme hukuona.

Akitapika asipige mswaki papo hapo, atayakwangua meno yaliyolainika. Asukutue kwa maji, mswaki asubiri kama saa moja.

KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, wana kliniki ya afya ya akili. Nenda kwanza kituo cha karibu uombe barua ya rufaa, na kama ana bima uibebe. Usiogope neno "akili", watu wakisikia hilo wanadhani mtoto anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Ataongeleshwa. Tiba yenyewe kubwa ni mazungumzo, wiki hadi wiki, pamoja na kula kwa saa maalumu kama binti wa Sakina alivyoeleza. Kwa umri wake mzazi naye anaitwa ndani, hii ya kuwaingiza wazazi ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na imesaidia vijana wengi. Ipo pia dawa, fluoksetini, daktari akiona inafaa. Na kwa kuwa hajafika miaka 18, namba 116 ni ya bure, anaweza kupiga mwenyewe akaongea siku ambayo hataki kuongea na wewe.

---

Baba K

Samahani kuingilia. Wa kwangu ni wa kiume, 15, hatapiki ila anakimbia alfajiri na jioni, ugali ameacha, wali ameacha, sasa anakula mayai na tango. Amekuwa mkali na anavaa sweta jua kali. Ni hayo hayo?

Muuguzi Mstaafu

Baba K, ni jamaa ya ugonjwa huo. Kuhisi baridi wakati wenzake wanatoka jasho ni mwili kukosa chakula. Wavulana wanapata, na wanachelewa kuletwa kwa sababu watu wanasema ni mwanamichezo. Mpeleke wiki hii. Na kama amekaa muda mrefu bila kula vya kutosha, usimjaze chakula kingi kwa siku moja, mwili uliozoea njaa unaweza kushtuka vibaya. Hospitali wataanza taratibu huku wakipima damu.

---

Mama Marobota

Asanteni sana. Nimesoma mara tatu.

Kuna jambo limenichoma na hakuna hata mmoja wenu aliyelisema. Mimi kazini napiga kelele siku nzima. "Kiuno cha nyigu njoo hapa! Wanene upande ule!" Ndiyo biashara, nimeipiga miaka 12. Na yeye amekaa nyuma yangu tangu Novemba anasikia. Anazijaribu jinzi mpya kabla hatujazitundika, nilidhani anajipenda. Mara mbili nilishamwambia "hii sasa imekukataa". Nilisema kama utani wa mama na mwana.

Leo nimemuomba msamaha, kwa vile vipimo na kwa hilo la jinzi. Tulikuwa kwenye daladala, nilichagua hapo ili asilazimike kuniangalia. Hakujibu. Tulipofika Kiboriloni alinibebea mfuko, siku zote huwa nabeba mimi.

---

Binti wa Sakina

Mama, huo mfuko ni jibu. Usimuulize tena.

---

Mama Marobota

Ni wiki ya nne sasa, narudi kuwapa habari.

Tumepata rufaa, tumeenda kliniki. Potasiamu ilikuwa chini, si ile ya kulazwa, amepewa dawa na kupimwa tena. Daktari kijana, wa kike, alinitoa nje nusu saa, akabaki naye, halafu akaniita. Hakumwambia ana mwili mzuri wala mbaya. Alimuuliza, "Asubuhi ulikula nini, na ulikula na nani?" Amempa daftari. Anaandika saa aliyokula, alikuwa wapi, moyoni kulikuwa na nini. Mimi haliruhusiwi kufika mikononi mwangu, na nimelizoea pale juu ya friji bila kuligusa, ingawa siku za kwanza nilikuwa nalizunguka.

Tunakula mara tano. Uji wa ulezi asubuhi kabla ya daladala. Saa nne, ndizi au chapati kibandani. Mchana kwa mama lishe, tunakaa benchi moja. Jioni kitu kidogo, usiku chakula. Mtori aliukataa wiki mbili, anasema ni mzito, akiumeza anauhisi unavyoshuka. Nilikuwa nataka kusema "lakini mtori ndio uliokukuza", nikanyamaza. Jumatano alikula bakuli dogo. Alikula dakika 40, kijiko kwa kijiko, nyama akaiacha mwisho. Nilikula wangu nikaurudia ili nisimalize kabla yake.

Mchele tumechambua. Tukaingia maharage. Sasa tumehamia kwenye vifungo: jinzi zilizokatika vifungo tunazishona usiku, na zinauzika vizuri kuliko zamani. Lebo za saizi tumezikata, mteja anajaribu mwenyewe nyuma ya turubai. Kelele za kiuno nimeacha, natangaza rangi. Kuna jirani wa kibanda ananishangaa.

Si kwamba imekwisha. Jumamosi iliyopita tulikwenda sendofu ya binamu yake, shangazi mmoja akamshika mashavu mbele ya watu, "Jamani huyu mtoto kanenepa!" Nilimuona uso ulivyofunga. Usiku ule alifakamia, akatapika, na kesho yake tena. Jumatatu asubuhi alikuja mwenyewe jikoni akasimama mlangoni, akasema, "Nimerudia." Nikamwambia sawa, uji upo. Akanywa. Nilitamani kulia ila nilikuwa nimeshika upawa.

Jana usiku baada ya kula alikwenda mpaka mlango wa bafu, mkono kwenye kitasa. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, sikunyanyua kichwa. Akageuka akaniambia, "Mama, nisindikize nje." Tukatembea hadi barabara ya lami na kurudi, akaomba twende tena. Tulikwenda mara tatu, mara ya tatu mbwa wa watu wameacha kutubwekea.

Sasa swali langu jipya. Julai anakwenda kidato cha tano, bweni. Kule hakuna mchele wala mimi. Nimwambie matroni? Yeye anasema nikisema, shule nzima itajua.

---

Muuguzi Mstaafu

Muulize daktari wake kabla ya Julai kama yuko tayari kwenda bweni, au atafutiwe shule ya kutwa hapa Moshi kwa mwaka wa kwanza. Akienda, omba barua ya kliniki kwa mkuu wa shule inayosema tu kwamba ana matibabu, anahitaji kula saa zote na ruhusa ya kutoka tarehe za kliniki. Barua haina haja ya kutaja ugonjwa.

---

Binti wa Sakina

Na mtu wa kuambiwa jina la ugonjwa amchague yeye. Mimi chuoni nilimwambia mwenzangu wa kitanda cha chini, mmoja tu. Tukitoka kula alikuwa ananiita nimsuke. Nywele zake zilifumuliwa na kusukwa muhula mzima.

Mwambie nimemsalimia, mama. Akitaka kuniuliza lolote mwenyewe, aandike humu humu, nitajibu.